Kigoga ndani ya chupa ya samaki



Wamama wawili wa makundi yetu wameuliza jambo moja. Watoto wao wametia samaki wadogo ndani ya chupa kubwa ya vioo, na sasa wanataka kupanda majani humo ili ipendeze. Je, inafaa, ao ni kupoteza maji tunayoyabeba kwa bidoni?

Inafaa, kama mama anaangalia mambo matatu: mahali majani yanatoka, namna ya kuyafunga, na mahali maji machafu yanamwagwa.

Mmea unaofaa kwa kuanza ni kigoga, ule wa kijani, laini kama manyoya, unaofunika mawe penye unyevu. Kigoga hakina mizizi ya kweli. Kinajilisha kwa majani yake, na vinyuzi vyake vya chini kazi yao ni kushika jiwe tu. Kwa hiyo hakizikwi ndani ya mchanga, ukikizika kinaoza.

Kwanza, kukitafuta. Tusiwatume watoto kuingia mtoni wala ziwani. Kwenye maji yaliyotulia, penye majani na konokono, kunakaa wadudu wa kichocho, na wanapita katika ngozi hata mtoto akiingiza miguu tu. Mkubwa atoe kigoga kwenye mawe yanayorushiwa maji kila siku, karibu na chemchemi, bila kukanyaga maji. Kile cha ukuta ao cha udongo mkavu mara nyingi kinakufa kikizamishwa. Kioshe mara tatu kwa maji safi, toa konokono na mayai yao yanayofanana na ute. Kisha kiweke pekee ndani ya beseni wiki moja, ukibadilisha maji kila siku mbili ili mbu wasizae humo. Kikigeuka rangi ya kahawa na kunuka, tupa.

Pili, kukifunga. Chukua jiwe la ukubwa wa ngumi, lisugue kwa brosi bila sabuni. Tandaza kigoga juu yake, chembamba. Kikiwa kinene, cha chini kinakosa mwangaza na kuoza. Zungusha uzi wa pamba wa kushonea, nafasi ya kidole kimoja kati ya mzunguko na mzunguko, ukaze kiasi, fundo likae chini ya jiwe. Uzi wa pamba unaoza wenyewe nyuma ya wiki kadhaa, wakati kigoga kinaanza kushika. Kama kinachelewa, funga tena. Wa nailoni hauozi. Ngojeni mwezi mmoja ao miwili, na mtoto asiinue jiwe kila siku kuchungulia. Kikirefuka, kikate kwa makasi. Vipande vinafungwa kwenye jiwe lingine na kupewa jirani.

Kigoga hakidai umeme. Weka chupa karibu na dirisha, lakini si kwenye jua kali, maana jua linapasha maji moto na kuleta utelezi wa kijani. Chakula kiwe kile samaki wanachomaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki ndicho kinachonusha maji. Usitie tilapia, watakula kigoga chote. Wanaofaa ni wale samaki wadogo wanaozaa watoto wazima: watoto wao wanajificha ndani ya kigoga wasimezwe na wakubwa. Samaki hao wanakula pia viluwiluwi vya mbu. Chupa ya maji isiyo na samaki ni nyumba ya mbu, na mbu ni malaria.

Tatu, maji. Kwa chupa ya litre 20, badilisha litre 5 kwa wiki. Maji ya robine yalale kwanza usiku mzima ndani ya beseni lililo wazi, dawa ipunguke, na beseni likae mahali mtoto hafiki. Maji ya zamani yamwagie lenga-lenga. Yana mbolea ya samaki, kwa hiyo hayapotei. Lakini usiyamwage mtoni wala ziwani, na usiachilie huko samaki wala mimea ya chupa. Gugu-maji lilitoka Amerika ya Kusini, na tangu miaka ya 1950 limeenea katika mto Kongo na kuzuia mitumbwi.

Chupa ikae juu ya meza imara, mbali na mtoto anayetambaa, maana maji kidogo yanatosha kumzamisha. Na kila anayegusa maji hayo anawe mikono kwa sabuni.

Mtoto mkubwa mpeni daftari. Aandike tarehe ya kufunga kigoga, na kila siku ya Posho aandike anachoona: rangi, urefu, hesabu ya samaki. Nyuma ya miezi miwili atakuwa amejifunza kungoja na kutunza, na sisi tutakuwa tumetumia uzi kidogo tu wa kushonea.