JUMUIYA IMEREFUKA: JE, HAKI YA MFANYA KAZI IMO?

Ndugu Wanachama,

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia iliingia rasmi kuwa nchi ya nane katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Wengi walishangilia, nasi hatukununa. Lakini sisi watu wa reli twajua kwamba kuongeza mabehewa si kazi kubwa. Kazi ni kuhakikisha kwamba viungo vimekaza na breki zashika mpaka behewa la mwisho. Gari moshi halisifiwi kwa urefu wake, husifiwa kwa kufika salama. Basi yatupasa kuuliza, kwa adabu lakini bila woga: katika gari hili refu, mfanya kazi amepandishwa wapi?

Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa. Ninyi watu wa Marani yawahusu nini, na hata reli haifiki kwenu?" Ni kweli haifiki. Lakini vijana wetu wengi hutoka nyumbani kutafuta kazi, na kazi haijui mpaka. Kutoka mji wa Kisii barabara yateremka Migori mpaka Isebania, na ng'ambo tu ya hapo ni Sirari, nchi ya Tanzania. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya ukungu, ilibidi kulegeza amri ile baada ya siku chache, maana malori yalikuwa yamesimama mipakani. Mama anayenunua unga wa ugali hakuulizwa. Kwa hiyo yatuhusu sana.

Tena sisi wa reli tuna sababu zaidi ya wengine. Umoja wa nchi hizi haukuanza Arusha, ulianza juu ya reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na reli ya Tanganyika, zikawa East African Railways and Harbours. Fundi wa Nairobi aliweza kuhamishiwa Kampala au Tabora akabaki chini ya mwajiri yule yule. Nchi zilipopata uhuru, wakuu wa nchi tatu walitia sahihi mkataba wa Jumuiya huko Kampala tarehe 6 Juni 1967. Reli, bandari, ndege na posta zikawa mashirika ya wote.

Jumuiya ile ilikufa mwaka 1977, nayo haikufa kwa siku moja. Nchi ziligombana juu ya nani anapata faida zaidi, na Kenya ililaumiwa kwamba viwanda vingi viko kwake. Siasa za nchi hazikupatana. Baada ya Amin kupindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na baraza la juu la wakuu watatu halikukutana tena. Fedha za mashirika zikaanza kuzuiwa kila moja mahali pake. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Hata meli ziligawanywa. Kulikuwa na meli mbili za kuvusha mabehewa katika Ziwa Viktoria, moja ikiitwa Uhuru na nyingine Umoja. Uhuru ilibaki Kenya, Umoja ikabaki Tanzania. Wazee wetu walitazama jambo hilo wakatikisa vichwa.

Lakini chuma hugawanyika kwa urahisi kuliko jasho. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi Mei 1984 tu, baada ya mpatanishi Victor Umbricht wa Uswisi kuhangaika miaka mingi. Ilikubaliwa kwamba kila nchi itawalipa raia wake pensheni na haki zao nyingine. Ahadi ni deni. Hata hivyo, waliokuwa wafanya kazi wa Jumuiya walikaa katika milango ya ofisi na mahakama kwa miaka na miaka, katika Tanzania na katika Kenya pia. Mwaka 2010 Wakenya zaidi ya 700 walipeleka madai yao mbele ya Mahakama ya Afrika ya Mashariki iliyoko Arusha. Wakajibiwa kwamba mkataba mpya haurudi nyuma kushika mambo yaliyotokea kabla yake. Huenda sheria ndivyo isemavyo. Lakini mtu aliyetia makaa katika injini akiwa kijana, akaambiwa uzeeni kwamba haki yake ilizaliwa mapema mno, huyo ataelewaje?

Sasa tutazame Jumuiya ya leo. Mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ulipangwa kwenda kwa hatua nne: kwanza ushuru wa forodha wa pamoja, ulioanza 2005, pili soko la pamoja, lililoanza Julai 2010, tatu sarafu moja, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi 2013 lakini fedha yenyewe hatujaishika mkononi, na mwisho shirikisho la siasa. Huku hatua hizo zikisuasua, nchi ziliongezeka: Rwanda na Burundi 2007, Sudan ya Kusini 2016, Kongo 2022, kisha Somalia.

Hatusemi kwamba hakuna faida. Tangu mwaka 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu. Hayo ni mema, na mwenye haki hukiri mema.

Lakini twaona pia dalili za ugonjwa ule wa zamani. Zipo nchi zinazochelewa kulipa michango yao. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Kongo ikaishitaki Rwanda kwamba ndiyo inayowasaidia, nazo zote mbili ni wanachama. Julai 2025 Tanzania ilikataza wasio raia kufanya biashara ndogo za aina 15, pamoja na kutengeneza simu na kununua mazao shambani. Twaelewa kwamba kila serikali yataka kulinda riziki ya watu wake, na mchuuzi wa Tanzania naye ana watoto. Lakini ikiwa ndani ya soko la pamoja mchuuzi wa Kisii ni mgeni kama aliyetoka ng'ambo ya bahari, basi neno "pamoja" lina maana gani?

Twataka mambo matatu. La kwanza, pensheni. Mkataba wa Soko la Pamoja wataja mafao ya mfanya kazi anayehama, ukawaachia Mawaziri kutunga kanuni. Twataka kanuni hizo zitende kazi, ili miaka mitano ya Kampala na miaka kumi ya Mwanza ihesabiwe pamoja, wala isipotee njiani. La pili, liandikwe wazi leo, watu wakiwa bado wanacheka pamoja, nani atamlipa mfanya kazi wa shirika la pamoja siku likivunjika. Mahari hupatanwa kabla ya arusi, si siku ya kuachana. La tatu, kabla ya kupokea nchi ya tisa, vyama vya wafanya kazi viulizwe, si magavana wa benki na wenye viwanda peke yao.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Katika siku za East African Railways and Harbours mwajiri alikuwa mmoja, lakini vyama vya reli vilikuwa vitatu, kila nchi chake. Wa Kenya waligoma mwishoni mwa 1959, wa Tanganyika wakagoma mapema 1960, kila mmoja kwa zamu yake, mbele ya mwajiri yule yule. Leo kuna Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Afrika ya Mashariki, nalo lina ofisi Arusha. Wangapi kati yetu wamewahi kusikia habari zake katika mkutano wa tawi? Katibu wa tawi aulizwe katika mkutano ujao, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu.

Wakuu wa nchi hutia sahihi kwa kalamu, nao wana haki hiyo, kwa kuwa tuliwachagua. Lakini mkataba wa 1967 nao ulikuwa na sahihi nzuri. Uliokosa ni watu wa chini waliouhesabu kuwa mali yao, wakawa tayari kuutetea. Tukipewa haki zinazovuka mpaka pamoja nasi, tutailinda Jumuiya hii kama tunavyolinda mkate wa watoto wetu. Tusipopewa, tutaitazama ikipita tu, kama abiria asiye na tikiti.

Ni sisi wenu,
Wanachama wa reli watokao Marani