Beti Zilizoondolewa



Ndugu wasomaji, kila Kombe la Dunia likaribiapo, wimbo wa mwaka 2010 hurejea midomoni mwa watoto wetu: "Wavin' Flag" wa K'naan. Hukumu ya ngoma na ala masheikh wetu wameieleza kwa mapana. Leo twazungumzia neno, kwani neno ni amana.

K'naan, yaani Keinan Abdi Warsame, alizaliwa Mogadishu, mji wa Banadir, ndugu wa miji ya mwambao wetu tangu enzi za majahazi. Babu yake alikuwa mshairi. Mwaka 1991, vita vilipopamba moto, alikimbia pamoja na mamake na nduguze, wakaishi Marekani, kisha Kanada. Wimbo ule, uliotoka katika albamu yake ya mwaka 2009, ulibeba vita, ufukara na tumaini la mtoto kuwa akikua atapata nguvu na uhuru.

Coca-Cola ilipouchukua kwa mashindano ya Afrika Kusini, kiitikio kilibaki, lakini beti za dhiki zikaondolewa, zikatiwa za shangwe na kandanda. Dunia ikaimba, wachache wakajua kilio kilichokuwamo.

Baada ya umaarufu huo, watu wa kampuni ya muziki walimshauri alainishe nyimbo zake zipendwe na redio za Marekani. Desemba 2012 aliandika katika gazeti la New York Times, akasimulia ngano ya mbweha mwenye mwendo wa kupendeza. Mbweha yule alimwona mtume akitembea, akatamani kumwiga, asiweze. Alipotaka kuurudia mwendo wake, akakuta ameusahau.

Riziki ya halali hatumlaumu mtu kuitafuta. Hata hivyo, vijana wetu nao huambiwa kila siku wabadilishe lafudhi, mavazi, hata majina, ili wapendwe. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.

Basi wazazi, mtoto akiuimba wimbo huo nyumbani, tumweleze zile beti zilizoondolewa. Tumwambie kuwa mtunzi wake alikuwa mtoto mkimbizi. Akilijua hilo, hatamcheka mwenzake wa Kisomali darasani kwa kuwa wazazi wake walikuja na mzigo mmoja tu. Atamsogezea nafasi kwenye dawati.

Mwenyezi Mungu awape amani majirani zetu. Wallahu a'lam.