Duveti Moja, Kitandani na Mlimani

Mwezi wa sita na wa saba ndio msimu wa vijana wa mjini kuchangishana nauli, kukodi Coaster na kukimbilia Lushoto au Marangu kubadilisha hewa. Mchana mambo poa, usiku ndipo vituko vinapoanza. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haina mzaha, halafu mtoto wa Manzese kabeba shuka na kanga ya dada yake! Mwenzake naye kaja na blanketi zito, limemeza begi zima, nguo kazishika mkononi.

Dawa yake ni duveti nyepesi ya manyoya ya bata. Nasema manyoya yale laini ya kifuani, yasiyo na kijiti katikati. Yanashika hewa nyingi, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili wako. Ukiibana inaingia kwenye mfuko mdogo, ukiiachia inaumuka kama andazi. Na nyumbani unaitandika kitandani kama kawaida, hakuna atakayejua kuwa juzi ilikuwa porini.

Mpya ni ghali, bwana, kwa hiyo twende mitumbani: Karume kwa watu wa Dar, Memorial kwa watu wa Moshi. Kwanza tafuta lebo. Ya Kijerumani ikisema "Daunen" ni manyoya laini, "Federn" ni yale yenye vijiti. Ukikuta 90 kwa 10, yaani laini asilimia 90, usiiachie mkononi. Ya Kiingereza itasema "Down" na "Feather". Waingereza wana pia kipimo cha joto wanachokiita tog: 4.5 ni ya kiangazi kwao na ndiyo inayotufaa, 13.5 ni ya theluji, ukijifunika Sinza utaamka umeiva.

Lebo imekatwa? Tumia mikono. Ikunje, ikandamize kwa nguvu, iachie. Ikibaki bapa kama chapati, mrudishie mwenyewe. Iinue juani utazame kwa ndani: ukiona sehemu tupu, manyoya yamehama au yamevuja. Minya pembeni, vijiti vikikuchoma vidole, hiyo ni nzito na itakuwa inatema manyoya kila usiku. Kisha inuse. Harufu ya uvundo maana yake ililowa ikakauka vibaya, na hiyo kuitoa ni kazi.

Sasa utaniuliza, kwa nini nisinunue begi la kulalia? Swali zuri. Manyoya unayoyalalia yanabanwa na uzito wako, hewa inatoka, hayakupi joto lolote. Yaani nusu ya lile begi unaibeba bure. Mmarekani Ray Jardine aliwaambia wenzake hivyo miaka ya 1990, akawa anajishonea kifuniko cha juu tu kwa safari zake ndefu za miguu. Lakini sikia hapa: chini lazima uwe na kigodoro cha sponji. Ardhi inanyonya joto kuliko hewa, na duveti haikusaidii upande huo hata iwe ya dhahabu.

Nyingi ni sentimita 135 kwa 200. Mpelekee fundi cherehani wako, ila msimamie. Mwambie akunje upande wa miguuni kwa urefu, sentimita 60 hivi kutoka chini, aweke vishikizo vya kubonyeza kwenye pindo la pembeni, na kamba ya kukaza kule mwisho. Ukivifunga unapata mfuko wa miguu, ukivifungua duveti inarudi kitandani. Aongeze mikanda miwili ya lastiki ya kupitisha chini ya kigodoro, maana wapo wanaolala kama wanacheza kwaito. Sindano iwe nyembamba na ipite kwenye pindo TU. Akitoboa vile vyumba vya manyoya, kila tundu ni mlango wa bata kutoroka.

Adui mkubwa ni maji. Manyoya yakilowa yanagandamana, joto kwisha. Enzi za rambo ziliisha Juni 2019 zilipopigwa marufuku, kwa hiyo tafuta mfuko wa turubai usiopitisha maji. Kufua ni kwenye beseni kubwa, sabuni laini kidogo, unakandamiza bila kukamua. Ukiitoa ibebe kwa chini kama mtoto mchanga, isije ikachanika kwa uzito wa maji. Kuianika ni siku kadhaa za jua huku ukivunja mabonge kwa vidole, hivyo wakati wa masika hata usijaribu. Nyumbani iache wazi, usiishindilie ndani ya mfuko mwezi mzima.

Na wale mnaopanga Kilimanjaro, hapa hakuna utani. Kibanda cha Kibo kiko mita 4,720 na usiku baridi inashuka chini ya sifuri. Duveti ya tog 4.5 haiwezi kule, iwe imeshonwa na fundi gani. Moshi wanakodisha mabegi mazito ya kulalia, kakodi. Ya kwako ibebe uongezee kwa juu.

Tukutane wiki ijayo, zamu ya viatu.