Barua ya wazi kwa Meya wa Kismayo: Kabla ya ghorofa refu la kwanza

Mheshimiwa Meya,



Sisi wa Ras Kamboni na visiwa vya Wabajuni huuona mji wako tukiwa baharini. Nahodha anayekuja na kusi kutoka Chula au Chovai huisoma pwani: vilima vya mchanga, minara ya misikiti, mapaa ya nyumba. Jengo moja refu likisimama hapo, sura ya mji hubadilika kwa kila mwenye macho. Ndiyo maana nakuandikia mapema, huku Kismayo ikijijenga upya.

Tazama Makka. Mnara wa Saa wa majengo ya Abraj Al-Bait, uliokamilika 2012, una urefu wa mita 601. Ni usanifu wa usasaleo, ule unaoazima maumbo ya kale na kuyakuza: hilali kileleni, nakshi za Kiislamu ubavuni. Lakini ili majengo hayo yapate nafasi, ngome ya Ajyad, iliyojengwa enzi za Waturuki, ilibomolewa 2002. Nakshi za kuigiza zilipanda, ukale wenyewe ukaangushwa. Leo minara ya Msikiti Mtukufu imekuwa midogo chini ya saa.

Urefu si lazima. Nairobi, jengo la Nation Centre la 1997 halikulipita jumba la mikutano la KICC lenye mita 105, lakini minara yake miwili ya duara hujulikana mara moja. Zanzibar nako, jumba la Beit al-Ajaib lilipokea vyombo tangu 1883 hadi sehemu yake ilipoporomoka 2020, bila kuuzima mji unaolizunguka.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kila ombi la jengo refu liambatane na michoro ya jinsi mji utakavyoonekana kutoka baharini, na wavuvi waitwe kuitazama. Pili, majengo ya ufukweni yawekewe kikomo cha urefu. Marefu yasogezwe bara. Tatu, misikiti ya kale, nyumba za matumbawe na makaburi ya nguzo yaliyosalia yaorodheshwe, na pasitolewe kibali cha kuyabomoa, hata kama mchoro mpya umejaa matao na nakshi zetu.

Hatukatai ghorofa. Vijana wetu wanahitaji kazi na ofisi. Tunachotaka ni sheria iandikwe sasa, viwanja vikiwa bado wazi. Mwekezaji akishamwaga zege, hakuna kikao kitakacholishusha jengo lake.

Wasalaam,
Mvuvi wa Ras Kamboni