Kodi ya Nyumba: Tulipe, Lakini Watuoneshe Hesabu

Ndugu wafanya kazi wa migodi, ndugu raia wa Buluo, Panda, Shituru na Kikula!

Kila mara Leta inapokumbusha watu kodi ya nyumba tunasikia maneno matatu. Mmoja anasema, "Hii ni kodi ya Wabelgiji iliyobadilishwa jina." Wa pili anasema, "Nikilipa, kiwanja kimekwisha kuwa changu." Wa tatu ni mpangaji, naye ameambiwa na mwenye nyumba kwamba kodi hiyo ni juu yake. Wote watatu wamekosea, na kuna watu wanaofaidika na makosa yao.

Huyu wa kwanza hatumcheki, maana neno lake lina maumivu ya kweli. Tangu mwaka 1910 baba zetu walitozwa kodi ya kichwa, na asiye na franka za kulipa alilazimika kuzitafuta kwenye kazi ya mzungu. Ndivyo wengi walivyofika Union Minière. Nyumba ya kampi haikuwa yao: kazi ikikwisha, mtu anafunga vyombo vyake, mke na watoto nyuma, anaondoka. Mpaka mwaka 1953 ndipo amri ilipofungua njia kwa mtu mweusi kuwa na nyumba na kiwanja kwa jina lake mwenyewe. Mzee aliyengoja hivyo hapendi kusikia habari ya kodi juu ya matofali yake! Lakini kodi ya nyumba inayotozwa leo si ya Wabelgiji. Imetoka katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, Kongo ikiwa huru kwa miaka karibu tisa. Ni sheria yetu, kwa hiyo lawama nazo ni zetu.

Wa pili asikilize vizuri. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Leta, hauuzwi. Raia hupewa haki ya kukaa juu yake bila mwisho, na haki hiyo inashuhudiwa na hati moja tu, certificat d'enregistrement. Risiti ya kodi, hata ukiwa nazo 20 ndani ya sanduku, haiwi hati. Ndugu zetu wa kisiwa cha Unguja walilijua jambo hili mapema: kule Ng'ambo vibanda vilikuwa vyao, ardhi ya chini ilikuwa ya wengine, na mwaka 1928 walikataa kulipa kodi ya kiwanja. Kuta zako ni jambo moja, udongo ulio chini yake ni jambo lingine. Nenda ukatafute hati yako kabla mwenye fedha hajaja na yake.

Kwa mpangaji neno ni fupi. Ukikaa katika nyumba ya mtu binafsi, kodi hii ni deni la mwenye nyumba. Akiitaka kwako, mwambie akuoneshe sheria.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Sheria hiyo hiyo ya 1969 inatoza nyumba, magari, na pia eneo la ardhi walilopewa wachimba madini. Nyumba inahesabiwa kwa aina yake na cheo cha mahali ilipo, na villa kwa mita zake. Na kampuni? Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwapimia kwa hekta: mwenye ruhusa ya kuchimba alilipa senti 4 za dola kwa hekta katika mwaka wa kwanza, na senti 8 kuanzia mwaka wa nne. Pimeni wenyewe. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 ni mita 500. Hekta moja ni viwanja 20 vya namna hiyo. Viwanja 20 kwa senti 8, mwaka mzima! Sheria ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, lakini kipimo bado ni hekta. Watajibu kwamba wanalipa pia ushuru wa shaba na kobalti. Ni kweli. Nasi tunakatwa kwenye mshahara kabla hatujaushika, na hakuna anayetusamehe nyumba kwa sababu hiyo.

Hatusemi watu wasilipe. Anayesema hivyo anataka kuwapeleka kwenye gereza lililo hapa hapa Buluo. Tunasema hivi: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 204, imeweka kodi ya nyumba mikononi mwa jimbo. Basi asitokee mkubwa wa kutuambia tukaulize Kinshasa. Fedha zinakwenda Lubumbashi, na wajumbe tuliowapigia kura wanakaa Lubumbashi. Watueleze mbele ya watu: mwaka uliopita nyumba za Likasi zimelipa kiasi gani, na katika hicho ni kiasi gani kimerudi kwenye mifereji na barabara zetu?

Kila aliyelipa alete risiti yake kwa karani wa tawi la chama. Tutaandika jumla ya mtaa mmoja mmoja, tuipeleke kwao kwa barua, na jibu lao, wakijibu, tutalichapa hapa lote.