Wasilifunike Jua Kabla ya Kutuuliza

Ndugu zangu wa Mang'ula, Kiberege na Ifakara, liko jambo linalozungumzwa mbali nasi, nalo linagusa jaruba la kila mmoja wetu. Wapo wataalamu wanaofikiria kuipoza dunia kwa ndege zitakazomwaga salfa angani, kilomita 20 hivi kwenda juu, ili sehemu ya mwanga wa jua irudishwe ulikotoka.

Kwamba joto litapungua, sibishi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 na kurusha salfa angani, dunia ilipoa kwa takriban nusu digrii. Lakini mwaka uliofuata mvua za nchi kavu nazo zilipungua. Hapo mkulima wa mpunga atege sikio. Mvua ikichelewa, mbegu tuliyoisia vumbini huliwa na ndege na panya. Ikizidi, bonde lote hugeuka ziwa. Na salfa ikimwagwa zaidi upande mmoja wa ikweta, ukanda wa mvua huelekea upande wa pili. Basi mito ya Udzungwa inayoingia Mto Kilombero, Sanje ukiwamo, itategemea uamuzi wa watu wasioijua hata kwa jina, na maji ya Kilombero ndiyo sehemu kubwa ya yale yanayojaza Bwawa la Julius Nyerere.

Tena kazi ya kumwaga salfa ikishaanza, kuiacha ghafla ni balaa. Ikiwa moshi wa viwanda umeendelea kurundikana, joto lililozuiwa kwa miaka mingi litarudi kwa miaka michache. Ikizuka vita, nani ataziendesha ndege hizo?

Watetezi husema joto huwaumiza zaidi maskini, kwa hiyo kivuli hicho kitatufaa sisi. Ni hoja nzito, nami naiheshimu. Lakini anayetaka kunitetea na aniulize kwanza.

Mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka mwaka 2023, Addis Ababa, njia hii isitumike. Nairobi, mwanzoni mwa 2024, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilishindwa kuafikiana, na pendekezo la Uswisi likaondolewa. Mlango ungali wazi. Mbunge wetu aulizwe wajumbe wa Tanzania watasimama wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa na Chuo Kikuu cha Sokoine vipewe fedha, tupate hesabu zetu wenyewe za mvua. Na vyama vya wakulima wa miwa na mpunga viliweke jambo hili kwenye ajenda za mikutano yao mikuu, kabla ndege ya kwanza haijaruka.