Herufi za Kuazima Haziifanyi Lugha Kuwa ya Kuazima

Mjini Mbarara, kila nitajapo somo ninalofundisha, hakosekani wa kunieleza kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika, lugha ya wageni na ya askari, isiyo na historia yake. Wanafunzi wangu wa Nakivale huyasikia hayo hayo, na baadhi yao wameanza kuyaamini. Hoja hiyo tuipeleke Uajemi tuone kama itasimama.

Waarabu waliiteka Uajemi katika karne ya 7. Yazdegerd wa Tatu, mfalme wa mwisho wa Wasasani, aliuawa mwaka 651. Kiarabu kikawa lugha ya dini, ya elimu na ya dola. Waajemi wengi walisilimu, wakachukua herufi za Kiarabu na maneno yake tele. Je, wakawa Waarabu? Mnamo mwaka 1010 Firdausi, Mwislamu wa mji wa Tus, alikamilisha Shahnameh: beti zipatazo 50,000 za mishororo miwili miwili, zinazosimulia wafalme wa Uajemi tangu visasili vya kale hadi ujio wa Waarabu. Aliitunga kwa Kiajemi, akatumia herufi zile zile za waliowashinda babu zake. Miaka elfu imepita na Kiajemi kingali Kiajemi.

Nasi tunaye wetu. Kampuni ya Kijerumani ilipoitwaa Mrima mwaka 1888, Abushiri bin Salim aliongoza upinzani hadi aliponyongwa Pangani, Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga akavitungia vita hivyo Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Tenzi za pwani wakati ule ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini lugha ni Kiswahili na jicho linalotazama ni la mwenyeji. Taarifa za mtawala huzungumzia “maasi”. Hemedi anazungumzia kutamalaki, yaani kutwaa na kumiliki kisicho chako. (Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu! Ndilo linalomshitaki Mjerumani.)

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri lilikithibitisha Julai 2022. Vema. Lakini Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na habari zake nyingi zimo katika ripoti za Kiingereza, ambamo mzee aliyevuka mpaka na wajukuu wake huwa tarakimu. Firdausi hakungoja mgeni amsimulie.

Kazi ya wiki hii, basi, si insha ya “Umuhimu wa Kiswahili”. Hizo nimezisahihisha za kutosha. Mwulizeni bibi, mjomba au jirani: alitoka wapi, nani alitawala huko, alipitia njia gani hadi hapa. Andikeni kwa Kiswahili chake mwenyewe, kiwe cha Bukavu au cha Bujumbura. Sarufi tutaijadili baadaye.